Viza ya Marehemu

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Sindano amelala chali kwenye sakafu ya karakana yake, na nyundo ya shemeji yake iko juu, hewani. Wiki nzima mmekuwa mkiuliza ilitua wapi.

Ilitua kwenye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto.

Kilichokusudiwa kilikuwa kichwa. Lakini mwanamke aliyeshona viti vya magari kwa miaka kumi na miwili anaijua nyundo kuliko anavyomjua ndugu wa mumewe. Aliliona bega likishuka, akajiviringisha, na mkono ukachelewa kuufuata mwili.

Mifupa ilivunjika kama vijiti vikavu.

"Nimekwambia nipe bahasha ya pasipoti!" shemeji alifoka. "Kwa nini unanilazimisha, shemeji? Kwa nini?"

Muoneni mtu huyu. Anavunja vidole vya watu, na malalamiko ni yake.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, habari ni fupi. Mume wa Sindano yuko ng'ambo, alikokwenda kufanya kazi kwenye ghala la mizigo. Miaka miwili ombi la viza ya mkewe lilikuwa limelala kwenye makabati ya ubalozi mdogo. Wiki tatu zilizopita, rafu nzima ya shehena ilimwangukia mume. Daktari wa huko akaandika barua: mgonjwa hajitambui, anahitaji kupasuliwa kabla ya Jumatatu, na wa kutia sahihi ni mkewe. Barua hiyo ikafanya ambacho miaka miwili ya kubembeleza haikuweza. Ubalozi ukajibu ndani ya siku nne: njoo Alhamisi, saa nne asubuhi, na pasipoti yako mkononi.

Alhamisi ndiyo hii. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu. Shemeji alikuja akijifanya msindikizaji, akashusha mlango wa bati, akatia komeo, akanyoosha mkono aletewe bahasha. Aliponyimwa, akaokota nyundo.

"Ndugu yako anakufa!" Sindano alisema, mate na machozi vikichanganyika mdomoni. "Mmetoka tumbo moja! Ziwa moja mmenyonya!"

"Ndiyo maana mimi nina haki naye kuliko wewe."

Nyundo ikapanda tena.

Safari hii Sindano hakungoja. Mkono wake mzima ulipapasa chini ya meza, ukakuta bastola ya pini, ile mashine ya upepo inayopigilia kitambaa kwenye mbao za kiti. Pampu ilikuwa imejaa upepo tangu asubuhi. Akaikandamiza kwenye paja la shemeji, akabana.

Pa! Pa! Pa! Pa!

Pini nne zikazama zikaishona suruali kwenye nyama. Shemeji alipiga yowe, akaruka kwa mguu mmoja, akagonga rundo la viti vya basi, viti vikamwangukia. Sindano akakimbilia mlangoni.

Komeo lilikuwa gumu. Kwa mikono miwili lilifunguka vizuri kila siku. Kwa mkono mmoja lilikataa.

Shemeji alimkamata kwa nyuma, akamvuta kwa nywele, akambwaga juu ya meza ya kukatia ngozi. Akampiga ngumi ya mdomo. Akaongeza ya pili. Jino lilihama, Sindano akalisikia likielea kwenye ulimi kama punje ya mahindi.

Bahasha ya kaki ilikuwa imechomoza kwenye mkoba wa Sindano, uliopinduka kwenye purukushani. Shemeji aliichomoa, akaitia kifuani mwa shati, akacheka.

"Haya. Ubalozini nenda sasa."

"Umeshaipata," Sindano alisema. "Niache basi."

Shemeji alimtazama. Kicheko kilikauka taratibu. Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia ngozi, akaujaribu makali kwa kidole gumba.

"Bahasha peke yake haitoshi," alisema. "Wewe una mdomo."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Sindano! Wewe binti! Kuna nini humo?"

Alikuwa Mzee wa Rangi, jirani yake, mpiga rangi wa magari mwenye kikohozi cha miaka thelathini ya moshi wa rangi. Sindano alifungua mdomo. Kiganja cha shemeji kikauziba, na goti lake likamkaa kooni.

"Tunapanga viti, mzee!" shemeji alijibu kwa sauti ya mtu mwema.

"Viti gani hivyo vinapiga yowe?"

"Vya basi!"

Kikohozi. Kisha nyayo za mzee zikasikika zikiondoka, kwaju, kwaju, kwaju, mpaka zikapotea.

Sindano akafumba macho. Alimfikiria mumewe amelala kwenye kitanda cha chuma katika nchi asiyoijua, mashine zikimpumulia, na kalamu iko mezani ikimngoja mtu wa kuishika.

"Geuza uso," shemeji alimwambia, kwa upole wa kutisha. "Sitaki uniangalie."

Mlango ukalia kraaa.

Mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa amefuata mtaimbo. Aliuchomeka chini ya bati akainua, komeo likang'oka na ukuta wake, na mwanga wa jua ukaingia kama maji.

Shemeji aligeuka. Kosa lake lilikuwa hilo. Sindano alimng'ata kiganja mpaka meno yakakutana, akaushika ule mkono uliobeba mkasi, akaupinda kuelekea ulikotoka. Ncha ya mkasi ikachana shavu la shemeji kuanzia sikio hadi karibu na pua.

Aliwahi kuchana ngozi nyingi. Hii ilichanika kwa urahisi kuliko zote.

"Toka!" Mzee alipiga kelele. "Toka, mwanangu, toka!"

Alitoka akitambaa. Lakini nje kulikuwa na pikapu, na ndani ya pikapu kulikuwa na Mbavu, rafiki wa shemeji, mtu ambaye kazi yake haijulikani ila kila mtu anamwogopa. Mbavu alishuka bila haraka, akamkanyaga Sindano mgongoni kama mtu anayekanyaga mfuko usipeperuke.

"Huyu vipi?" aliuliza kuelekea ndani. "Si ulisema ni dakika mbili?"

Mzee wa Rangi hakuwa na muda wa mazungumzo. Alikuwa amefika kwenye kibanda chake na kurudi, na mkononi ameshika bomba lake la kupulizia, limejaa rangi ya njano iliyochanganywa na tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Alimpulizia Mbavu machoni kutoka hatua moja, bila kuachia, mpaka kopo likaishiwa.

Mbavu alianguka akijikuna uso. Tina ndani ya jicho si mchezo. Alilia akimwita mama yake.

"Gari!" Sindano alisema. "Mzee, gari la mwalimu!"

Gari dogo la mwalimu mmoja, mteja wake, lilikuwa limeegeshwa nje, funguo zikiwa kwenye swichi. Tatizo lilikuwa moja tu. Viti vyake vyote vilikuwa ndani ya karakana, vimevuliwa nguo.

Mzee alitupa ndoo ya rangi mahali pa kiti cha dereva, akaikalia. Sindano akachuchumaa sakafuni upande wa pili, ameshika mlango. Gari likaondoka likiyumba kama mlevi.

"Umewahi kuendesha gari juu ya ndoo?" Sindano aliuliza.

"Binti yangu, hata juu ya kiti sikuwahi kuendesha vizuri."

Alicheka, Sindano naye akacheka, damu ikamtoka puani. Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho kwa siku hiyo.

Pikapu ilikuwa nyuma yao.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani, shavu limening'inia, shati limelowa mpaka mkandani. Aliwagonga mara ya kwanza penye mzunguko. Ndoo iliteleza, Mzee akaikamata kwa magoti. Aliwagonga mara ya pili mbele ya duka la matairi. Kioo cha nyuma kikamwagika juu ya Sindano kama mvua ya mawe.

"Anataka kutuua!" Mzee alisema, kama mtu aliyefanya ugunduzi.

"Usisimame, Mzee. Tumebakiza mitaa mitatu."

"Sisimami. Breki ndizo zimesimama."

Mara ya tatu shemeji aliwagonga ubavuni. Gari lilipanda ukingo, likaparamia kibanda cha vocha kilichokuwa kimefungwa, likamalizikia kwenye nguzo ya umeme. Ndoo ikaruka. Mzee akaingia kifua kizima kwenye usukani.

Kukawa na ukimya ule unaofuata ajali, ambapo kila mtu anasubiri wa kwanza kulia.

Sindano alitambaa akatoka kupitia dirisha. Mzee alikuwa bado amekumbatia usukani. Povu jekundu lilikuwa linachemka midomoni mwake.

"Mzee wangu!"

"Nenda."

"Siwezi kukuacha hivi!"

"Mumeo atakufa Jumatatu," Mzee alisema, kila neno likilipiwa pumzi. "Mimi sina ratiba. Nenda."

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Mafundi wa matairi, akina mama waliokuwa wakitoka dukani, waenda kwa miguu. Shemeji alishuka kwenye pikapu akichechemea, spana ya magurudumu mkononi, akaona macho ya watu. Papo hapo akabadilika. Spana ikashuka. Machozi, machozi ya kweli kabisa, yakamtoka.

"Jamani nisaidieni! Ni mke wa kaka yangu! Amerukwa na akili! Oneni alivyonikata uso! Mkamateni asijidhuru!"

Na watu wakamwamini. Kwa nini wasimwamini? Alikuwa na shavu lililopasuka na lugha ya adabu. Wanaume wawili wakamshika Sindano mikono. Mmoja akamshika palepale kwenye vidole vilivyovunjika, dunia ikawa nyeupe.

"Tulia, dada. Tulia, ndugu yako anakupeleka nyumbani."

"Ataniua! Huyu ataniua!"

"Mnasikia?" shemeji aliuambia umati kwa huzuni. "Ndivyo anavyosema tangu jana."

Akamsogelea. Akamshika shingo kwa nyuma kama mtu anayemfariji. Akanong'ona sikioni mwake: "Kwenye pikapu, kimyakimya, au narudi kumalizia kizee chako."

Ndipo kutoka kwenye yale mabati yaliyokunjamana ikasikika sauti. Haikuwa kubwa, maana mapafu yaliyoitoa yalikuwa yametoboka. Lakini neno lenyewe halihitaji sauti kubwa popote pale lisemwapo.

"Mwizi!"

Watu wakageuka.

"Mwizi!" Mzee wa Rangi alisema tena, kidole kikimwelekea shemeji. "Pikapu... ameiba... mwizi!"

Msomaji, unalijua neno hilo. Halingoji ushahidi. Fundi mmoja wa matairi aliitazama pikapu, akaitazama ile spana, akamtazama shemeji aliyeanza kusema "Hapana, jamani, hapana..." Na kule kuanza kusema hapana ndiko kulikommaliza. Ngumi ya kwanza ilimkuta kwenye shavu lilelile. Ya pili haikuhitaji mwaliko. Mikono iliyomshika Sindano ilimwachia ili nayo ikapate nafasi.

Alikimbia. Nyuma yake alisikia vishindo vya mateke, na mwanamume mzima akiomba radhi kwa kila jina la heshima analolijua. Hakugeuka. Alijua Mzee amesema uongo kwa ajili yake, na kwamba uongo huo unaweza kuua mtu, na miguu yake haikupunguza mwendo hata kidogo.

Alifika kwenye geti la ubalozi saa nne kasoro dakika nne.

Mlinzi alikuwa mtu mfupi, mnene, amevaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Alimtazama kuanzia nywele zilizong'olewa mpaka soli.

"Dada, hospitali ni upande ule."

"Nina miadi. Saa nne."

"Miadi na nani? Na mazishi?"

"Ya viza. Ya dharura. Angalia kwenye orodha yako."

Mlinzi akaangalia. Jina lilikuwepo. Akakuna kidevu.

"Pasipoti?"

Na hapo, msomaji, najua unachofikiria. Bahasha iko kifuani mwa shemeji. Na ni kweli, bahasha ilikuwa huko. Ndani yake mlikuwa na sampuli kumi na saba za vitambaa vya viti, kuanzia kijivu hadi bluu ya bahari.

Sindano aliupindua upindo wa sketi yake, akaung'ata mshono, akavuta. Uzi wa viti haukatiki kirahisi, jino jingine nusura liondoke. Mshono ukaachia. Kutoka kwenye bitana ikachomoza pasipoti, cheti cha ndoa, na barua ya daktari vikiwa vimekunjwa pamoja, vina joto la mwili.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kikuokoacho nacho kinaweza kushonewa humohumo.

Mlinzi alitazama mshono, akatazama uso uliovimba. Alifungua geti.

"Kuna choo mkono wa kulia," alisema taratibu. "Nawa uso kwanza. Wale hawapendi damu kwenye kaunta."

Sindano alinawa, akaufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa. Dirishani kulikuwa na afisa kijana mwenye tai, na pembeni yake mama mkalimani aliyening'iniza miwani shingoni. Afisa alisoma pasipoti. Akaandika kwenye kompyuta. Akaacha kuandika. Akaandika tena kutoka mwanzo, polepole, herufi moja moja.

Kisha alimnong'oneza mkalimani jambo. Mama yule alivaa miwani yake, akasogea kwenye kioo cha kompyuta, na mkono wake ukaenda kifuani.

"Kuna nini, mama?" Sindano aliuliza.

"Mwanangu, una dada pacha?"

"Sina."

"Kuna mtu mwingine mwenye jina lako hili lote, na tarehe hii ya kuzaliwa?"

"Hakuna. Kuna nini?"

Mkalimani alimtazama afisa, afisa akatikisa kichwa kukubali.

"Saa tatu kamili leo asubuhi tumepokea cheti kwa barua pepe. Cheti cha kifo. Kina jina lako." Alirekebisha miwani. "Kwa mujibu wa faili hili, wewe umekufa leo saa mbili asubuhi, kwa ajali ya gari."

Saa mbili asubuhi Sindano alikuwa anakunywa chai.

Alishika ukingo wa kaunta. Basi haikuwa hasira. Haikuwa nyundo iliyookotwa kwa bahati mbaya. Mtu alikaa mezani, akaandika kifo chake, akakipigia muhuri, akapanga saa ya kukituma, na baada ya hapo ndipo akaja kumsindikiza. Alikuwa amechelewa tu. Karatasi ilifika, maiti haikufika.

"Nani ametuma?"

"Shemeji yako. Na kuna ombi pamoja nacho." Mama mkalimani alisoma kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa ndogo. "Anaomba kwamba, kwa kuwa mke amefariki, nafasi hiyo ya dharura apewe yeye, aende kama msemaji wa familia. Ametaja kwamba familia haitaki mgonjwa apasuliwe. Na anauliza fidia ya kazini, mgonjwa akifa, hupewa nani ikiwa hakuna mjane."

Nyuma, kwenye viti vya kungojea, mtoto mchanga alipiga chafya.

Afisa alisema kitu kifupi. Mkalimani akatafsiri: "Anasema kisheria hawezi kumpa viza marehemu. Inabidi uthibitishe kwamba ni wewe. Mwaka jana tulichukua alama za vidole vyako vyote kumi." Akakitazama kitambaa kilichofungwa mkono wa kushoto, kilicholowa. "Mashine huanza na mkono wa kushoto."

Sindano alifungua kitambaa.

Vidole viwili vya kati vilikuwa vimevimba vikawa na rangi ya zambarau, kimoja kimepinda kuelekea pasipostahili. Afisa aligeuza uso pembeni. Sindano aliweka mkono kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa kijani.

"Bonyeza," mkalimani alinong'ona. "Samahani, mwanangu. Inataka ubonyeze."

Akabonyeza. Kitu ndani ya kidole kilisogea. Jasho lilimtoka kwa mara moja mwili mzima, akajishikiza kwa kidevu kwenye kaunta. Mashine ikalia mlio wa kukataa.

"Tena."

Akabonyeza tena. Mashine ikakataa tena.

"Tena," alisema Sindano mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Mara ya tatu alipiga kelele, kelele nene, na watu wote ukumbini wakasimama. Mashine ikafikiri. Kidole cha shahada, sawa. Cha mwisho, sawa. Cha kati, hakisomeki. Cha pete, hakisomeki. Mkono wa kulia, vyote, sawa. Vidole gumba viwili, sawa.

Vidole vinane kati ya kumi.

"Swali moja," mkalimani alitafsiri, "la mwisho, ili aandike kwenye faili kwamba alikuhoji. Mumeo hulala upande gani wa kitanda?"

Sindano hakulitegemea swali hilo. Tangu saa mbili na nusu alikuwa amepigwa, amekanyagwa, ameng'olewa nywele, na hakuwahi kulia kama mtu anavyolia. Sasa ndipo alipolia.

"Upande wa ukutani," alisema. "Anaogopa kuanguka. Mwanamume mzima. Kila usiku ananiambia, wewe kaa pembeni, wewe una miguu ya kushika chini."

Mama mkalimani alitafsiri. Afisa hakucheka. Alichukua muhuri, akaushusha juu ya karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Viza yako imekubaliwa," mkalimani alisema. "Itabandikwa leo leo. Ndege ya kwanza ni saa tisa alasiri, nafasi imewekwa. Nyingine ni Jumanne."

Jumanne ni siku moja baada ya Jumatatu. Hakuna aliyehitaji kuhesabu.

Alingoja kwenye kiti cha ukumbini. Mkalimani alileta sanduku la huduma ya kwanza, akavifunga vile vidole kwa kijiti na bandeji, akimpulizia kama mtoto. Saa saba kasoro dakika kumi, pasipoti ilirudi. Viza ilikuwa humo, mpya, inang'aa, ina picha yake ya zamani alipokuwa na meno yote.

Aliibusu. Alikuwa bado hajaiondoa mdomoni mlinzi alipoingia.

Hakuwa na ule utani wa asubuhi.

"Dada, nje kuna askari wawili na bwana mmoja aliyefungwa bandeji uso mzima, anadai hao ndio waliomtoa mikononi mwa umati. Wanasema wamekuja kumkamata mwanamke aliyeiba gari na kumuua mzee mmoja mpiga rangi."

Ukumbi ulizunguka. "Amekufa? Mzee amekufa?"

"Ndivyo anavyosema huyo wa bandeji."

Sindano alikaa chini tena bila kukusudia. Aliyaona yale mapovu mekundu. *Mimi sina ratiba.* Alijipiga kifua kwa mkono mbovu, hakusikia hata maumivu.

"Nitakwenda nao," alisema. "Nitawaeleza askari. Nina cheti, nina barua, ubalozi wana barua pepe yake. Askari watanisikiliza."

Mlinzi alichuchumaa mbele yake. Alizungumza kwa sauti ya chini sana.

"Nisikilize vizuri. Kabla ya kulinda geti hili nilikuwa polisi miaka kumi na moja. Nimewauliza namba zao, mmoja akanitajia namba ya kituo ambacho kimefungwa tangu mwaka juzi. Mwingine hajui hata kufunga mkanda wake. Wale si askari, dada. Sare si zao." Akatupia jicho getini. "Bunduki ndiyo ya kweli."

"Piga simu kituoni!"

"Nimepiga. Wanasema wakipata gari watakuja, pengine baada ya saa moja. Sisi tunafunga saa saba, na sheria ya hapa haimruhusu mgeni kubaki ndani hata dakika moja. Uwanja wa ndege ni dakika arobaini."

"Mlango mwingine?"

"Jengo hili lina mlango mmoja. Walilijenga hivyo kwa ajili ya usalama."

Mama mkalimani alikuwa amesimama nyuma yao, mkono mdomoni. Afisa alikuwa anashusha pazia la dirisha lake. Kupitia kioo cha mlango Sindano aliliona geti, na nyuma ya nondo za geti sura nyeupe ya bandeji yenye matundu mawili ya macho. Macho yalimwona. Mkono ukapanda, ukapunga, taratibu, kama ndugu anayempokea ndugu yake stesheni.

Sindano aliitia pasipoti kifuani. Akainama, akavua viatu kama mtu anayejiandaa kukimbia, akavishika mkononi.

"Fungua," alimwambia mlinzi.